Kabla Hujang'oa Injini: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Magari wa Nairobi

Mabibi na mabwana, mafundi wetu wa Kariobangi, Grogan na Industrial Area, na ninyi wenye magari mliokuja kuuliza kama Toyota Probox yenu inaweza kuachana na petroli: karibuni, na asanteni kwa kufika.

Jibu ni ndiyo, inaweza. Wala kazi hii si ngeni hapa Nairobi. Kampuni ya Opibus, ambayo leo inaitwa Roam, ilianza mwaka 2017 kwa kubadilisha magari ya watalii yatumie umeme. Kwa hiyo hatukuja kuwashawishi kwamba inawezekana. Tumekuja kuwaeleza inavyofanyika ikadumu, na kuwaonya mapema juu ya jambo moja: mota ndiyo sehemu rahisi. Gari lililobadilishwa vibaya haliuawi na mota. Linauawa na betri iliyokadiriwa kwa macho, na bamba la kushikia mota lililokerezwa kwa haraka, na breki ambazo hakuna aliyezikumbuka mpaka gari lilipofika kwenye mteremko.

Tuanze na gari lenyewe. Chagua jepesi, lenye gia za mkono, lenye bodi isiyoliwa na kutu. Giaboksi ya otomatiki hutegemea shinikizo la oili linalotoka kwenye pampu inayozungushwa na injini hata gari likiwa limesimama. Mota ya umeme husimama kabisa kwenye taa nyekundu. Shinikizo hupotea, na ukikanyaga tena pedali ya mwendo, klachi za ndani huteleza na kuungua. Unaweza kuiacha mota izunguke polepole muda wote, au kuongeza pampu ya nje, lakini hayo ni kununua shida mbili kuponya moja. Kwa gari la kwanza, tafuta la gia za mkono.

Umri nao una maana. Magari mapya yana kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Ukiondoa kompyuta ya injini, ile ya usukani wa umeme hukosa habari kwamba injini inazunguka, ikakataa kusaidia usukani. Taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame, huwaka, na kinga ya wizi hukwama. Yote hutatulika kwa kifaa cha kuiga ujumbe wa injini, ila ni kazi ya mtu wa programu, si ya spana. Gari la zamani litakusamehe zaidi.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu mradi mzima umelala hapa. Usianze kwa kuuliza betri gani inauzwa. Anza kwa kuuliza gari litaenda wapi. Mtu wa Kitengela anayekuja mjini na kurudi, akaongeza mizunguko ya mchana, achukue kilomita 100 kwa siku. Gari dogo kwenye foleni zetu hula takriban wati-saa 170 kwa kilomita, yaani uniti (kilowati-saa) 17 kwa kilomita 100. Betri haifai kumalizwa hadi chini wala kujazwa hadi ukingoni kila siku, basi panga kutumia asilimia 80 tu. Gawanya 17 kwa 0.8, unapata uniti 21. Hiyo ndiyo betri yako.

Seli za fosfati ya chuma, zile za LFP, ndizo tunazopendekeza. Haziwaki kwa urahisi kama za nikeli, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi. Kila seli ina volti 3.2 za kawaida, hujaa kwenye 3.65, na haifai kushuka chini ya 2.5. Panga seli 45 mfululizo: 45 mara 3.2 ni volti 144. Seli za ampea-saa 150 zitakupa uniti 21.6. Kuna fundi atakayesema, ongeza hadi 48 tupate nguvu kidogo. Seli 48 zikijaa hufika volti 175, na vidhibiti vingi vya volti 144, vile vifaa vinavyopeleka umeme wa betri kwenye mota, vina kikomo cha karibu 170. Kidhibiti kitazima siku ya kwanza ukitoka nyumbani ukiwa umejaza, au kitaungua. Seli 45 zikijaa hufika 164. Soma kikomo cha juu cha kidhibiti chako kabla ya kununua seli hata moja.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi Nairobi. Seli nyingi zinazouzwa mjini ni za kuhifadhi umeme wa sola majumbani, na hizo hutakiwa kutoa mkondo usiozidi ujazo wake, yaani ampea 150 kwa seli ya ampea-saa 150, wakati mwingine nusu yake. Hebu tupande mlima wa kwenda Limuru. Gari la kilo 1,300 kwenye mwinuko wa asilimia 5, likienda kilomita 60 kwa saa, linahitaji kama kilowati 18 kutoka kwa betri, yaani ampea 125 kwenye volti 144. Seli ya ampea-saa 150 inaweza. Lakini pakia viazi kilo 400, na mkondo unapita 155, dakika baada ya dakika. Hapo seli iliyotengenezwa kwa ajili ya sola hupata joto, volti hushuka, na mlinzi wa betri, ile kadi ya kuzilinda seli, hukata umeme ukiwa katikati ya mlima na lori nyuma yako. Kama gari ni la mizigo, ama nunua seli zinazoruhusu mara mbili ya ujazo wake, ama panda hadi za ampea-saa 280. Hizo za 280 zina uzito wa kilo 5.4 hivi kila moja. Seli 45 ni kilo 243 kabla ya sanduku, na uzito huo lazima uutafutie mahali.

Wengine watauliza kuhusu betri ya Nissan Leaf iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Si wazo baya. Ile ya uniti 24 ina moduli 48 za kilo 3.8 kila moja, na unaweza kuzipanga upya. Ila haina mfumo wa kuipoza, na nyingi zimeishi kwenye joto, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye sanduku si namba iliyomo. Pima moduli moja moja: ijaze, itoe kwa mzigo unaoujua, andika imetoa ampea-saa ngapi. Moduli dhaifu moja huipunguza safu nzima ifikie kiwango chake. Muuzaji anayekataa upime, muache na mali yake.

Seli mpya nazo zisawazishwe kabla ya kufungwa. Ukiziunganisha zote 45 sambamba tangu mwanzo na kuzichaji kwa saplai ya ampea 30, utangoja karibu wiki. Njia ya haraka ni kuziunga mfululizo zikiwa na mlinzi wake, ile kadi mnayoiita BMS, uchaji mpaka seli ya kwanza ifike 3.6, kisha uzifungue, uziunge sambamba na umalizie kwa saplai iliyowekwa kwenye 3.65 kamili mpaka mkondo ukaribie sifuri. Ukiruka hatua hii, seli moja itajaa mapema kila usiku, chaja itakatwa, na mwenye gari atalalamika kwamba betri yake haifiki kilomita zilizoahidiwa.

Viunga vya shaba kati ya seli vifungwe kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Bolti za M6 kwa kawaida huhitaji nyutonimita 4 hadi 6 tu. Sugua uso wa terminali kwanza, kwa sababu alumini hujifunika utando wa oksidi. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha nati hadi kwenye kiunga, ili nati ikizunguka uione kwa jicho. Nati iliyolegea kwenye barabara zetu za matuta ndiyo chanzo cha moto tunachokiogopa zaidi, kuliko seli yenyewe.

Tukitoka kwenye betri tuingie kwenye chuma. Mota ya AC (mkondo geu) ya volti 144 kwa gari la aina hii ina kilo 50 hivi. Itakaa pale injini ilipokuwa, ikishikana na giaboksi kwa bamba la alumini la milimita 15 hadi 20, na shafti yake ikishikana na shafti ya giaboksi kwa kiungo kilichokerezwa, chenye kitovu cha diski ya klachi ndani yake ili meno yakubaliane. Kabla injini haijatoka, pima na uandike umbali kutoka uso wa bloku hadi uso wa flaiwili pale diski inapokaa. Injini ikishauzwa chuma chakavu, kipimo hicho hukipati tena.

Kinachoshikilia giaboksi mahali pake kwa usahihi si bolti. Ni zile pini mbili za kuelekeza. Bamba lazima liwe na pini hizo. Funga geji ya saa kwenye shafti ya mota, izungushe taratibu ikigusa duara la beringi ya shafti ya giaboksi, na usikubali tofauti ya zaidi ya milimita 0.05. Mkerezaji atakwambia 0.2 haionekani kwa macho. Ni kweli haionekani, ila kwa mizunguko 5,000 kwa dakika itasikika: mlio unaopanda na mwendo, kisha oili ikivuja kwenye sili, kisha beringi. Na kama gari huendeshwa na magurudumu ya nyuma, kama Hilux au Land Rover, ncha ya shafti ya giaboksi hukaa ndani ya beringi ndogo iliyokuwa kwenye kranki. Kiungo chako lazima kiwe na tundu la beringi hiyo. Ikikosekana, shafti itayumba na meno ya gia yataliwa.

Klachi tunaiondoa. Mota haizimi gari likisimama, na ukiachia pedali ya mwendo nguvu hukatika, hivyo gia hubadilika taratibu bila klachi. Mjini utaendesha kwa gia ya pili, Thika Road kwa ya tatu. Gia ya kwanza iache: injini ya Probox, 1NZ ya lita 1.5, hutoa takriban nyutonimita 140, na giaboksi ilitengenezwa kwa kiasi hicho, tena kikija polepole. Mota hutoa nguvu zake zote tangu mzunguko wa kwanza. Weka kikomo kwenye kidhibiti, na funga mkono wa chuma wa kuzuia mota isijizungushe kwenye raba zake.

Faida moja ya Nairobi isisahaulike. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi huipunguzia injini ya petroli nguvu. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi kitu.

Lakini mwinuko huo huo una adhabu yake kwenye breki, na hili halijaandikwa katika maelekezo ya vifaa vingi. Busta ya breki husaidiwa na mnyonyo wa injini. Injini ikitoka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, hivyo unaweka pampu ya umeme ya volti 12 yenye tanki dogo na swichi. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuzima pampu mnyonyo ukifika kilopaskali 70. Mombasa, shinikizo la hewa likiwa 101, pampu ya kawaida inayoweza kuondoa asilimia 80 ya hewa hufika 80 bila tabu. Hapa Nairobi shinikizo ni kama 82. Asilimia 80 yake ni 66. Pampu haitafika 70 kamwe. Itazunguka bila kupumzika mpaka iungue, na siku itakapoungua hutajua mpaka ukanyage breki. Rekebisha swichi izime kwenye 58 hivi na iwashe kwenye 45, weka tanki la akiba la lita moja au mbili, na taa ya onyo kwenye dashibodi mnyonyo ukishuka kupita kiasi. Kisha jaribu: zima pampu, kanyaga breki mara tatu. Ya tatu bado iwe laini.

Mota nayo husaidia kusimamisha gari kwa kurudisha umeme kwenye betri. Ni jambo zuri, lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka. Ukijaza hadi juu Limuru na kushuka kuelekea Mai Mahiu, mlinzi wa betri atakataa umeme unaorudi, na ule ushikaji uliouzoea utatoweka ghafla mteremkoni. Anayeishi juu achaji hadi asilimia 90. Na breki za magurudumu zitoshe peke yake, kana kwamba mota haisaidii.

Kwenye nyaya za nguvu tutakuwa wakali. Mkondo wa moja kwa moja (DC) unaozidi volti 60 huhesabiwa kuwa hatari kwa mwili, na wetu ni 144. Vua pete na saa, vaa glavu za mpira za volti 1,000, fanyeni kazi wawili. Gawanya betri kwa plagi ya kukata katikati wakati wa matengenezo. Kwa ampea 300 tumia waya wa milimita 70 za mraba, vichwa vyake vikibanwa kwa mashine ya haidroli, si kwa nyundo, na si kwa risasi ya kulehemu ambayo huyeyuka joto likizidi. Fyuzi iwe imeandikwa DC na volti zinazozidi za betri yako. Fyuzi ya umeme wa nyumbani hukatika, lakini cheche yake huendelea kuruka ndani kwa sababu mkondo wa DC haupiti sifuri.

Kontakta kuu, ile swichi kubwa inayounganisha betri na kidhibiti, isifungwe ghafla. Ndani ya kidhibiti mna kapasita tupu zinazofyonza mkondo mkubwa mno kwa kufumba na kufumbua, na huo huunganisha midomo ya kontakta kama imechomelewa. Weka rizista ya ohmu 100 yenye uwezo wa wati 50 izijaze kwanza. Kontakta ifunge tu volti zikifika asilimia 95, yaani 137. Kontakta iliyoshikamana ni gari lisilozimika kwa ufunguo, ndiyo maana tunataka pia swichi ya mkono ambayo dereva anaifikia, na swichi ya mgongano inayokata yenyewe. Plagi ya chaja ikiwa imechomekwa, gari likatae kuondoka.

Ncha zote mbili za betri zisiguse bodi. Pima kwa kipima insulesheni cha volti 500: angalau ohmu 500 kwa kila volti, kwetu ni 72,000. Kazi safi huonyesha mamilioni. Ukiona inashuka baada ya mvua, maji yameingia mahali. Masanduku ya betri yazibwe yasipitishe maji, yasining'inie chini ya chasisi, maana mafuriko ya barabara zetu mnayajua na mashimo mnayajua.

Altaneta nayo imeondoka, kwa hiyo kigeuzi cha kushusha 144 hadi 14 kichukue nafasi yake, ampea 50 au zaidi, kwa ajili ya taa, waipa na pampu ya breki. Hita ya kuondoa ukungu kwenye kioo iwekwe ya umeme. Kiyoyozi kinaweza kungoja.

Tangi la petroli litolewe kabla ya kuchomelea chochote, na lipelekwe nje. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Uzito pia. Pima gari kwenye mizani, ekseli ya mbele na ya nyuma kando, kabla na baada. Injini ya karibu kilo 100 imetoka mbele, kwa hiyo ukiweka betri yote nyuma mbele itakuwa nyepesi na usukani utateleza kwenye mvua. Gawanya: theluthi moja pale injini ilipokuwa, iliyobaki mahali pa tangi. Uzito wa mwisho usipite ule ulioidhinishwa na mtengenezaji wa gari, abiria na mizigo wakiwemo. Springi zilizochoka zibadilishwe.

Kuchaji ni nyumbani. Soketi yetu ya plagi ya ampea 13 haifai kubebeshwa zaidi ya 10 usiku kucha; hiyo ni kilowati 2.4, na uniti 17 zinazohitajika kwa kilomita 100 zitarudi kwa saa nane. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa milimita 4 za mraba, kikata-umeme kinachozima umeme ukivuja, na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini. Anayeishi fleti azungumze na mwenye nyumba na keateka kabla ya kununua chochote, kwa sababu waya ulioning'inizwa kutoka ghorofa ya tatu si chaja.

Gharama? Chaja hupoteza kidogo, kwa hiyo kilomita 100 ni uniti 19 za tokeni. Ukinunua uniti kwa shilingi 30, ni 570. Petroli ikiwa 180 kwa lita, lita 8 ni 1,440. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka mwaka 2023 bei maalum ya umeme wa magari, na saa za usiku ilishuka hadi nusu, kwa mwenye mita ya kundi hilo. Chukua tofauti, zidisha kwa kilomita zako za mwaka, ulinganishe na gharama ya ubadilishaji. Teksi itarudisha pesa. Gari la kwenda kanisani Jumapili halitarudisha, na tunawaambia wazi msilibadilishe kwa sababu ya pesa.

Majaribio yafuate mpangilio huu: magurudumu yakiwa hewani kwanza, kisha uwanja wenye ukuta, kisha barabara tambarare, na mlima mwisho. Baada ya kilomita 50 fungua masanduku uangalie mistari ya rangi, na tena baada ya 500. Gusa viunga kwa kipima joto cha mbali. Kimoja chenye joto kuliko jirani zake kimelegea au kina uchafu.

Mwisho ni karatasi. Aina ya mafuta na namba ya injini zilizoandikwa kwenye logibuku si kweli tena. Omba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ibadilishe taarifa za gari, upeleke gari likakaguliwe, na ubebe mchoro wa nyaya, vipimo vya insulesheni na karatasi za mizani. Mwenye bima aambiwe kwa maandishi kabla gari halijatoka karakana, kwa maana bima ya gari la petroli inaweza kukataa kulipa gari lisilo na petroli. Na bandika kwenye kioo cha mbele na nyuma alama inayoonyesha gari ni la umeme, volti ngapi, na swichi ya kukata iko wapi, ili wazima moto wakifika wajue mkono wao uanzie wapi.

Maswali sasa. Tungependa kuanza na mafundi wa kukereza.